Mgeni Mmoja Tu

Mimi sijui kukaa. Nakiri mapema ili tusisumbuane. Nikiketi kwenye kochi nyumbani, dakika kumi haziishi nimeshainuka kwenda kukagua upepo wa tairi, na tairi lenyewe nimelikagua asubuhi. Mke wangu hunitazama tu, kisha anarudi kwenye madaftari yake ya kusahihisha. Anafundisha shule ya msingi hapa Karatu, mtaa mzima unamwita Mwalimu, na mimi namwita hivyo hivyo. Miaka kumi na sita naendesha watalii. Kushuka kreta ya Ngorongoro, kuvuka Serengeti, kurudi, kuosha gari, kulala, kuondoka tena. Binti yetu yuko shule ya bweni. Nyumbani hubaki Mwalimu na kuku.

Masika yalipoanza mwaka ule, wageni wakapungua kama kawaida, nami nikajikuta nyumbani siku tatu mfululizo. Siku ya pili nikaona barua mezani, imewekewa chupa ya chai juu isipeperuke. Nilisoma juu tu: Yah: Maombi ya Uhamisho. Sikuendelea, maana nilikuwa nimeshika kopo la oili na mikono ilikuwa michafu.

"Uhamisho wa nani?" nikauliza.

"Wangu," akasema. "Kwenda Mwanza, kwa dada zangu. Huko mbele ni mambo ya mtandao, lakini mwalimu mkuu anataka barua ya mkono kwanza. Jumatatu ijayo nampelekea aipitishe."

"Na mimi?"

"Wewe si uko safarini kila siku? Nikiwa Mwanza utakuwa unapita."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. Mwalimu akikasirika nyumba nzima inajua, sufuria zinalia, hata kuku wanakaa mbali. Akitulia namna ile, ujue maji yameshafika shingoni. Nikaropoka kitu cha kwanza kilichonijia kichwani: kabla ya hiyo Jumatatu twende Arusha, siku mbili, Jumamosi na Jumapili, tule hotelini, tutembee, tukae kama watu.

Akacheka. Kisha akavua miwani akaiweka juu ya madaftari. "Sikiliza, baba," akasema. "Mimi sitaki kuona kitu. Nataka tukae mahali penye kitambaa mezani, niulizwe nataka kula nini, halafu wewe ukae mbele yangu mpaka chakula kipoe. Tuongee. Ukiliweza hilo tu, hiyo barua naichana mwenyewe."

Nani hajaelewa hapo? Hata mtoto wa darasa la kwanza angeelewa. Mimi nilichosikia ni Arusha, Jumamosi, siku mbili. Jioni ile ile nikachukua karatasi nikaanza kupanga ratiba, na jamani, nilifurahi! Kupanga ratiba ndiyo kazi ninayoijua. Kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kuondoka saa kumi na mbili kamili. Kupita Mto wa Mbu kabla malori hayajajaa barabarani. Makumbusho saa tatu, Mnara wa Saa saa nne na nusu na dakika kumi za kupiga picha, kisha soko la vinyago. Chakula cha mchana saa saba kwenye ile hoteli yenye bustani ninakopeleka wageni wangu. Baada ya hapo, mapumziko nusu saa. Nusu saa! Nilimwandikia mke wangu mapumziko kama mtu anayepimiwa dawa.

Na bado sikuridhika. Ijumaa nikampitia mpishi mmoja rafiki yangu kwenye loji ya juu kule, nikamwomba anifungie lanchi boksi mbili, zile za watalii. Anayezijua hizo boksi hahitaji kuelezwa: paja la kuku, yai la kuchemsha, ndizi, juisi ya pakiti na kipande cha keki kinachobomoka kabla hujakigusa.

Jumamosi tukaondoka saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Nilijisifu kwa zile dakika tano. Mwalimu alikuwa amevaa gauni la bluu ambalo sikulijua, akasema analo mwaka wa tatu sasa. Alikaa mbele pembeni yangu kwenye gari letu dogo, akawa anaongea. Alinieleza habari za binti yetu, kwamba hesabu zinampiga chenga na hataki kusema. Mimi namjibu "ehe, ehe," macho yako barabarani. Tulipoanza kuteremka ule mlima wa Mto wa Mbu nikamkatiza: "Upande wako wa kulia, Ziwa Manyara. Maji yamepanda sana miaka hii."

Akatazama ziwa. Kisha akasema, "Ahsante, dereva." Mimi nikacheka, nikadhani ni utani.

Tulifika makumbusho, geti bado limefungwa. Tumewahi mno, hata mfagiaji ndiyo kwanza anatafuta ufagio. Kwenye kazi yetu ukichelewa geti la Ngorongoro umepoteza siku, wageni watanuna mpaka jioni, kwa hiyo kuwahi kumeniingia kwenye damu. Lakini makumbusho hayakimbii kama simba! Tukakaa kwenye gari, mvua nyepesi inapiga kioo, nami nikatoa boksi zangu kwa madaha.

Mwalimu akafungua yake, akalitazama lile yai. "Baba," akasema, "mimi ni mzungu?"

"Ule kidogo tu, mchana ni mbali."

"Haraka haraka haina baraka, walikwambia hawakukwambia?"

"Mwenda bure si mkaa bure," nikamjibu, nikaenda kuchungulia geti mara ya tatu.

Hatimaye tukaingia, tukazunguka, tukatoka. Mnara wa Saa nilimpiga picha sita. Kwenye soko la vinyago wauzaji walimzungumzisha Kiingereza walipoona namna nilivyomtangulia nikimwonyesha huku na kule, naye akawajibu kwa Kisukuma. Wakacheka, na mimi nikacheka, ila nilikuwa natazama saa. Ilikuwa saa sita na dakika arobaini, na mimi nimeweka meza saa saba.

Sasa nije kwenye hoteli.

Ni mahali pazuri kweli. Bustani, meza chini ya miti, vitambaa vyeupe, maua kwenye glasi. Nilipaita mimi mwenyewe moyoni mahali pa kuokolea ndoa. Tulipofika, mlinzi akaniona kwa mbali akafungua geti huku anatabasamu. "Karibu, mkuu! Wageni wangapi leo?"

"Mmoja tu," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Miaka kumi na sita nalijibu swali lile, mdomo hauulizi kichwa. Nilimgeukia Mwalimu nicheke naye, nikakuta anatafuta kitu kwenye pochi yake. Basi nikaliacha lipite. Mhudumu msichana akamchukua Mwalimu, akamvutia kiti, akamwekea menyu. Mezani paliwekwa sahani mbili. Nikamwambia, "Agiza, agiza chochote, mimi nipe dakika tano nikawasalimie wenzangu huko nyuma."

Niwaeleze hao wenzangu. Hoteli za watalii zina desturi yake: dereva akileta wageni halipi chakula. Ana chumba chake nyuma ya jiko, chumba cha madereva, na humo kuna ugali, maharage, nyama ya mchuzi, televisheni, na habari zote za barabara za kaskazini. Hatuli na wageni. Mgeni akianza kula na sisi tunakula, mgeni akiinuka na sisi tumeshanawa. Huko ndiko nilikoijua nusu ya watu ninaowaita ndugu.

Niliingia kusalimia, haki ya Mungu. Walikuwa wanne, wakapiga kelele kuniona. Mmoja alikuwa ametoka Digodigo, gari limelala kwenye tope usiku mzima, na alikuwa anaeleza jinsi alivyovutwa na ng'ombe wa watu, ng'ombe kumi na wawili, na mwenye ng'ombe akawa anamtukana yeye badala ya tope. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mtu akanisogezea kiti. Mtu mwingine akaweka sahani mbele yangu, na kwetu Endabash nilikozaliwa chakula hakikataliwi. Nikanawa. Nikala. Nikaongeza mchuzi.

Kilichonishtua ni yule wa Digodigo. Alichungulia dirishani akasema, "Wageni wangu wameshamaliza," akainuka. Na mimi, nisikilizeni vizuri, na mimi nikanyoosha shingo dirishani kuangalia kama mgeni wangu amemaliza.

Nikamwona. Gauni la bluu, peke yake, mbele yake sahani ya samaki aliyeliwa nusu. Upande wa pili wa meza kulikuwa na sahani safi na kitambaa kimekunjwa vile vile walivyokikunja. Niliitazama saa yangu. Dakika tano zangu zilikuwa zimekuwa hamsini.

Mazoea yana taabu, wahenga walisema, lakini hawakusema kwamba yana aibu. Nilivuka ile bustani. Nikavuta kiti, nikakaa, nikakosa pa kuweka mikono.

"Mwalimu, nisamehe."

"Samaki wao mdogo," akasema. "Mwanza huyu tungemrudisha ziwani."

"Nisamehe, mke wangu. Walinishika kwa maneno."

Alijifuta midomo taratibu. "Yule binti amekuja kuniuliza," akasema. "Ameuliza kwa adabu kabisa: mama, dereva wako ameshapata chakula?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ndiyo, ameshakula."

Nilitamani anigombeze. Nilitamani apige meza, aniite mjinga mbele ya watalii wote wale. Nikamwambia hivyo hivyo: nigombeze. Akatikisa kichwa. "Ungenikosea ningekugombeza. Hukunikosea. Ulijisahau tu."

Nikamwita mhudumu kwa sauti ambayo haikustahili, nikamwambia huyu ni mke wangu, mke wangu wa ndoa, niletee na mimi samaki. Msichana wa watu akaomba radhi kama yeye ndiye aliyekosa. Samaki akaja na chipsi mlima mzima, na mimi nimeshajaa ugali hadi kooni. Nikala. Kila tonge lilipita kwa kusukumwa. Mwalimu akanitazama, mwisho akashindwa, akacheka kicheko chake cha zamani, kile cha kuziba mdomo kwa kiganja. "Acha, utapasuka," akasema. Nikahisi nafuu mwilini mwote. Nikasema moyoni: tumepona. Na nilipomaliza tu nikaita bili, maana soko la nguo lilikuwa linatusubiri saa tisa.

Jumapili baada ya ibada akasema turudi, hana hamu ya kuona kingine. Njiani alilala, au alifumba macho, sikujua. Nilipitia maneno kichwani kutoka Makuyuni mpaka juu ya mlima, maneno mazuri kabisa, lakini kila nikimtazama namwona amelala, nikaona nimwache apumzike.

Jumatatu kampuni ilitaka nikachukue wageni alfajiri. Nikakataa. Mara ya kwanza katika miaka kumi na sita nilikataa safari, na nilitegemea Mwalimu alione hilo. Akaniuliza tu kama naumwa. Kisha akasema, "Basi kama upo, nifikishe shuleni."

Nilisimamisha gari kwenye uwanja wa shule, watoto wako mstarini. Tukasimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu. Barua ilikuwa mkononi mwake, na sasa mikono yangu ilikuwa safi, nikamwomba niisome. Ilikuwa fupi. Baada ya salamu na namba za ajira, aliandika kwa ule mwandiko wake wa ubaoni: Sababu ya maombi haya ni kwamba ninaishi peke yangu.

"Hii si kweli," nikasema. "Una mume, Mwalimu. Nimesimama hapa."

Hakubishana. Alitoa kalamu kwenye pochi akanipa. "Futa," akasema. "Andika wewe iliyo ya kweli. Nitainakili upya, na kama ni ya kunibakisha nitaichana hapa hapa. Sina haraka, kipindi changu ni cha tatu."

Kulikuwa na benchi pale ukutani. Akakaa, akaacha nafasi pembeni yake, akaipapasa kwa kiganja. Nilishika ile kalamu. Nilikuwa na la kusema, nilikuwa nalo tele: kwamba nampenda, kwamba nikiwa kule chini kreta na wageni wananiuliza habari za faru mimi namwaza yeye, kwamba naogopa kukaa kimya kwa sababu sijui kutafanyika nini. Nikaitazama ile nafasi kwenye benchi. Miguu ikaanza kuwasha.

"Ngoja," nikamwambia, "dakika mbili, nikasogeze gari. Limeziba njia."

Nikamrudishia barua, nikaenda. Nikaliwasha, nikalirudisha nyuma, nikalipaki chini ya mti wa mgrevilea, nikashuka nikakagua tairi. Niliporudi benchi lilikuwa tupu. Mlango wa ofisi ulikuwa umeegeshwa, nikasikia muhuri ukigongwa, mara mbili. Kalamu yake ilikuwa bado mkononi mwangu. Na gari lenyewe, kusema kweli, halikuwa limeziba njia ya mtu yeyote.