Kifaranga wa Matangani

Eduvina Pacheco alisali rozari huku kifaranga akimlilia kifuani. Kifaranga mgonjwa anataka joto, na kwa joto sidiria ya mjane wa kijiji cha Caño Hondo inalishinda jiko la mkaa.

"Salamu Maria, umejaa neema..."

"Chwii!"

Ubaldina, kiongozi wa sala, akafumbua jicho moja. "Dada, mwambie huyo mgeni wako amheshimu marehemu."

"Marehemu ndiye mwenye kuku."

Kweli. Wiki za mwisho za uhai wake Arkimede, mumewe, alimwatamisha kuku wake wa kishingo mayai kikapu kizima, akaahidi kujenga banda imara. Arkimede alikuwa bingwa wa kuahidi. Banda halikujengwa, mnyama mwizi mwenye mkia wa panya akamla mama, mvua ikamaliza watoto. Kilichobaki duniani kwa mkono wa Arkimede ni huyu mmoja, shingo tupu kama askofu mzee. Eduvina alikuwa amemlaza kwenye jivu vuguvugu, akamdondoshea maji ya kitunguu saumu, akamtafunia mahindi. Mumewe mwenyewe hakuwahi kutafuniwa kitu.

Ngoma ya Arkimede ilikuwa imetundikwa ikitazama ukuta. Nyumba ya matanga haipigi ngoma mwaka mzima, wala redio. Roho ikisikia mdundo, wanasema, itageuka njiani irudi kucheza. Na kwa roho ya Arkimede hakuna aliyelitilia shaka hilo. Eduvina hakuwahi kuigusa. Kule wanawake huimba na kupiga makofi. Ngoma ni ya wanaume, kama usingizi wa baada ya chakula cha mchana.

Walipofika fumbo la tatu la rozari, kifuani pakawa kimya.

Wote walisikia kimya kile, hata Ubaldina, ambaye kwa kawaida hujisikia mwenyewe tu. Eduvina akamtoa kifaranga. Shingo ilining'inia kama uzi.

"Pole, mama," akanong'ona jirani mmoja. "Amemfuata mwenye kuku."

Eduvina akainuka. Alikwenda kwenye mtungi, akachukua nusu ya kibuyu wanayotekea maji, akamlaza kifaranga sakafuni, akamfunika. Kila mtu Caño Hondo anajua: kifaranga aliyezimia hufunikwa kibuyu, na kibuyu hupigwa mpaka asikie aliko.

"Usithubutu!" Ubaldina akasimama, rozari mkononi. "Ngoma matangani? Mumeo atageuka njiani!"

"Basi aje ajenge banda."

Akapiga.

Mwanzoni vidole vilitambaa kama vya mwizi. Kisha vikakumbuka. Miaka yote ile, akikaanga samaki huku Arkimede akifanya mazoezi uani, vidole vyake vilikuwa vikijifunza bila kumwomba ruhusa. Ulikuwa mdundo wa Arkimede, na kile kituo chake kidogo kabla ya pigo zito, ambacho mpiga ngoma mwingine hakuwahi kukiweza. Jirani mmoja akafunika mdomo. Ubaldina alirudia Salamu Maria kwa sauti ya kukemea, lakini sala ikaukalia mdundo, wanawake wakaitikia, na nyumba nzima, hadi vikombe vya kahawa, ikatetemeka.

Eduvina akainyamazisha mikono.

Chini ya kibuyu, kitu kilikwaruza.

"Chwii."

Wanawake wakasogea karibu.

"Funua, dada!" Ubaldina alikuwa amepiga magoti, mashavu yamelowa.

"Ngoja kwanza." Mikono ya Eduvina ilikuwa bado juu ya kibuyu. "Umesema mwenyewe mume wangu akisikia ataturudia. Je, kama humu ndani wako wawili?"

Wanawake wakasogea nyuma. Mmoja akauangalia mlango. Mwingine, Mungu amsamehe, akatengeneza nywele.

Eduvina akainua kibuyu polepole.

Alikuwa mmoja tu. Amesimama kwa miguu yake, shingo tupu imeinuka, anawatazama kama aliyeamshwa kabla ya saa yake.

"Jicho lile," Ubaldina akanong'ona. "Jicho la Arkimede kabisa."

Eduvina akamrudisha kifuani, akafunga kifungo.

"Kama ni yeye," akasema, "safari hii atalala ninapomwona."