CD Aliyoibeba Kifuani

Hata leo nikipita Mkuyuni, mwanangu, nakumbuka asubuhi moja na uso unaniwaka kwa aibu. Nilikuwa kijana kama wewe, daktari wa upasuaji niliyetoka masomoni juzi juzi, kiherehere tele.

Mama mmoja muuza ndizi wa huko Mkuyuni alikuwa na uvimbe kwenye kongosho. Tukamtuma Dar akapigwe CT scan. Akarudi na ripoti pamoja na CD ya picha, kaifunga ndani ya kanga, kifuani, isije ikakwaruzika. Mimi nikasoma ripoti, CD nikaitupa kwenye droo. Nikajiona nimemaliza.

Siku ya upasuaji, mama wa watu yuko kitandani hajala, bosi wangu Dokta Mariamu akaniuliza, "Damu ya ini la huyu mama inapitia wapi?"

Nikamwaga kitabu chote, mpaka manesi wakatabasamu.

"Hicho ni kitabu. Mimi nimekuuliza mama huyu. Picha umeiangalia?"

"Nimesoma ripoti, dokta."

Akaagiza CD, akaifungua kwenye laptopu yake pale pale. Mshipa wa kulia wa ini haukutokea nilikosema. Ulitoka kwenye mshipa wa utumbo, ukapanda nyuma ya kongosho, njia ile ile ya kisu changu. Ripoti haikuutaja. Ningeukata bila kujua, ini likose damu, na huenda mama yule asingerudi kwao.

Mama akanitazama. "Kumbe hukuiangalia, mwanangu? Na nilivyoilinda!" Hakuwa na hasira. Heri angenitukana.

Dokta Mariamu alipasua mwenyewe, mimi nikashika vyuma tu, na mshipa ukabaki salama. Mama alipopona alileta mkungu wa ndizi mbivu, akanikatia mimi chane ya kwanza. Nilishindwa kumeza hata moja.

Sasa jana nimekuona umekunja ripoti, umetia mfukoni, unasema kesho unapasua. Akili za kuambiwa, mwanangu, changanya na zako. Ini la kila mtu lina njia yake ya damu, na kitabu hakijawahi kulazwa wodini. Kaa na picha, ufuate mshipa kwa macho yako tangu shinani mpaka ini, ndipo ukanawe mikono. Ukikwama, niite, kuuliza si ujinga.

Mungu akupe macho yenye subira na mikono mepesi, na akuepushe na ndizi nilizopewa mimi.