Kiyoyozi cha Eda

Baba mdogo alipojitolea kumfungia mama kiyoyozi, gharama zote juu yake, waliokuwepo barazani walisema mashallah. Mimi nilijiuliza anataka nini. Ndivyo nilivyo. Nyama nikitoka nayo buchani naipima tena nyumbani, na mtu akinisifia gauni namuuliza ana shida gani.

Baba alikuwa amefariki katikati ya joto la kaskazi, na mama alikuwa akikaa eda kwenye nyumba yetu ya Mabawa, katika chumba cha ndani. Zamani joto likizidi alitoka akakaa barazani. Sasa barazani haendi, kwa jirani haendi, na dirisha la upande wa njia ya nyuma limefungwa kwa sababu wapita njia wana macho. Feni ilizungusha joto lilelile. Mama ana presha, miguu ikaanza kumvimba, na daktari akatuambia wazi kwamba chumba kile kisipopozwa kitatuletea msiba wa pili. Kwa hiyo kiyoyozi kilihitajika. Hilo sikubisha.

Nilichokitilia shaka ni mkono uliokuwa unatoa. Baba na mama walijaliwa mtoto mmoja tu, mimi, na mimi ni mwanamke. Sheikh alishatueleza mirathi itakavyokwenda: nusu yangu, thumuni ya mama, na kinachobaki cha baba mdogo, kwa kuwa ndiye ndugu pekee wa baba. Hakuna wa kulaumiwa hapo, ndiyo sheria yetu. Lakini mali yenyewe ilikuwa nyumba ile tu, na nyumba haikatwi vipande kama papa sokoni. Huishia kuuzwa, watu wakagawana. Na mama mwenye thumuni yake aende wapi? Nilikuwa nimeapa kwamba hatoki mle ndani. Ndipo huyu baba mdogo, ambaye baba alipokuwa hai tulimwona sikukuu hadi sikukuu, akaanza kuja kutoka Moa kila wiki kuulizia joto la mama.

Siku ya fundi baba mdogo alifika mapema, nami nilisimama mlangoni tangu asubuhi. Mama hakutakiwa kuonana na wanaume wa kando, kwa hiyo alihamia jikoni, tukateremsha pazia, na fundi akapiga hodi ya kusikika mtaa mzima kabla ya kuingia. Akapima chumba cha mama. Kisha akapima cha pili yake. Kisha akaanza kupima ukumbi.

"Ukumbi wa nini?" nikamuuliza. "Mgonjwa analala ukumbini?"

"Napima njia ya waya, dada."

Labda. Alisema waya za nyumba zimezeeka, zikibebeshwa mashine ile zitaungua, hivyo ivutwe waya mpya kutoka kwenye mita. "Na ingekuwa bora upande huu wa nyuma uwe na luku yake, mita ya peke yake," akaongeza.

"Iwekwe," baba mdogo akadakia. "Nitalipa mimi."

Leo luku yake, kesho atasema upande wa nyuma una umeme wangu, mashine yangu, waya zangu, nipeni upande wangu.

"Shikamoo, baba mdogo," nikasema, ingawa nilishamwamkia asubuhi. "Luku haiongezwi. Na mashine nitalipa mimi."

"Marahaba. Utalipaje na mimi nipo? Huyu si mke wa kaka yangu?"

"Ni mama yangu."

"Haya, basi waya niachie mimi."

"Hata msumari, baba mdogo."

Fundi alikuwa ameshataja bei, na siku nyingine ningeipunguza mpaka aombe poo. Lakini alikuwa ametusoma. Tanga nzima watu humlilia apunguze, na hapa kuna wawili wanagombea kulipa. Akakumbuka kwamba mabomba ya shaba hayatatosha. Akakumbuka gesi imepanda. Ukuta nao ukageuka mgumu, wa mawe ya zamani, kuutoboa kuna bei yake. Kila alipopandisha, baba mdogo alisema sawa, nami nikasema sawa kwa sauti kubwa zaidi. Nilijiona ninavyofanya ujinga na sikuweza kunyamaza, kwa sababu nikinyamaza tu, mashine ni yake, na chumba nacho.

Pazia la jikoni likatikisika. Mama aliniita kwa sauti ya chini, fundi asimsikie. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda, uso umelowa jasho. Pajani alikuwa na kifurushi cha kitambaa nilichokijua vizuri. Ni bangili zake za dhahabu, za harusi, alizozivua baba alipofariki, maana mwenye eda havai pambo.

"Mwambie fundi arudi kwenye bei yake ya mwanzo," akasema. "Kisha uende kwa sonara."

"Mama, hizi si utazivaa eda ikiisha?"

"Nimvalie nani? Hebu nenda."

"Nalipa mimi, mama. Pesa ninayo."

"Najua mnazo. Nyote wawili." Akajifuta jasho kwa upindo wa kanga. "Mie nataka kulala pahala ambapo sidaiwi."

Nikaenda. Sonara naye nilimshuku mizani yake, nikapimisha na kwa mwenzake. Kiyoyozi kikafungwa kwa bei ya mwanzo, waya ikavutwa, luku ikabaki moja. Mama akaanza kulala, na uvimbe wa miguu ukapungua. Baba mdogo hakununa. Aliendelea kuja na nazi na samaki wake, nami niliendelea kuyachunguza maneno yake moja moja. Kuhusu nyumba hakusema lolote baya. Mpaka leo sijui kama ni mtu mwema au ni mtu mwenye subira.

Siku ya kutoka eda nyumba ilijaa wanawake. Mama akaoga, akavishwa nguo mpya, akafukizwa udi. Alikuwa anakwenda kupumzika kwa dada yake Ushongo, na gari lilishafika. Mimi na baba mdogo tulisimama ukumbini, kila mmoja na begi moja la mama mkononi, tukimsubiri.

Akatoka chumbani, akauvuta mlango, akaufunga kwa ufunguo. Katika nyumba ile nilikuwa sijawahi kuona mlango wa ndani ukifungwa kwa ufunguo; hata sikujua kama kitasa kile bado kinafanya kazi. Akauviringisha ufunguo kwenye pembe ya kanga, akapiga fundo, akalikaza kwa meno.

Iliniuma sana. "Mama, hata mimi?"

"Nafunga baridi isitoke, mwanangu," akasema, bila kunitazama.

Mashine ilikuwa imezimwa tangu alfajiri. Niliizima mimi mwenyewe.