Ishone, Niisikie

Mama Jeanine wa Ndosho ana masikio ya ajabu. Amekanyaga mashini ya kushona miaka ishirini na miwili, na akipita nje ya atelye ya kushonea ya mutu atakuambia sindano ya humo imepinda. Lakini masikio hayo hayo ndiyo yaliyotaka kummaliza.

Mashini yake ilivunjika shule zikikaribia kufunguliwa, na sare za watoto arobaini zimeshakatwa, hazijaunganishwa. Wazazi walishatoa avance, malipo ya kwanza. Asipopata mashini nyingine, atawatazama na macho gani? Binti yake, Exaucée, akamfungulia grupu ya WhatsApp ambamo watu wanaohama mji wanauza vyao: vitanda, friji, masufuria. Humo akaona mashini nyeusi ya kukanyaga, nzuri kabisa.

Akapiga. Mwanamume akaitikia kwa Mashi: "Asinge, mama!" Akasema anaitwa Munguakonkwa, wa Kabare. Weee! Kusikia lugha ya mama yake hapa Goma, moyo ukamlainika palepale. Wakaongea mvua, wakaongea maharage ya nyumbani. Mwanamume akasema mashini iko Kibumba, nje ya mji, ataipakia kwenye gari ya makabichi. Mama atume tu pesa yote kwa simu sasa hivi, maana kuna mwingine anaitaka. "Miye ni mutoto wako, mama. Nitakudanganya namna gani?"

"Mama, twende kwanza tuione," Exaucée akasema.

"Nyamaza! Huyu ni mutu wa kwetu."

Kidole kilikuwa tayari kwenye namba ya siri. Kilichomzuia si akili, tusidanganyane. Ni mazoea ya fundi. "Mwanangu, ishone kidogo, niisikie."

Baadaye ikaja sauti iliyorekodiwa: vuuuu, ndefu, laini. Akaisikiliza mara tatu. Mashini ya kukanyaga hailii hivyo. Mguu una pumzi zake, unaanza pole, unashika kasi, unalegea. Ile ilikuwa ya umeme.

Akapiga tena. "Na hii ya kwenye picha iko wapi?" Simu ikakatwa. Namba ile hakuipata tena.

Siku mbili baadaye akaenda mtaa wa Katindo kwa Nasiba, mke wa dereva mmoja, aliyekuwa anauza mashini yake kwenye grupu ileile, mwenye asili ya Maniema, asiyejua hata neno moja la Mashi. Nasiba akaiweka mashini mlangoni, akampa kiti na kipande cha kitambaa. "Shona, mama, mpaka roho itulie. Pesa itangoja." Jeanine akashona, akageuza kitambaa, akakagua mshono kwa chini. Akalipa mashini ikiwa imeshafungwa kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo.

Sare ziliisha siku moja kabla ya shule. Watu wakasema: Mungu ni mukubwa, yule mwizi hakula hata franka. Mimi hapo sikubali.

Maana Jumapili iliyofuata simu iliita, namba ngeni. "Asinge, dada!" Alikuwa kaka yake wa tumbo moja, yuko Kabare, amenunua laini mpya. Hakuomba kitu, alitaka kumsalimu tu. Mama Jeanine hakuitikia. Mguu ulimsimama juu ya mashini.

"Mama yetu tulimzika na kitenge cha rangi gani?" akauliza.

Kaka akashusha sauti.

"Cha bluu, dada. Ulikishona wewe mwenyewe."

Ndipo akaitikia salamu, analia kwa aibu.