Nati ya Benchi la Bibi

Juzi, dukani Kijenge, nilinunua bolti nne za kufungia benchi. Harufu ya grisi ikanirudisha barazani kwa Bibi, mlimani Meru, mchana mmoja wa kuchambua kahawa.

Nikiwa mtoto, nilikuwa nimefungua nati iliyolegea kwenye mguu wa benchi lake, nikaivaa kama pete. Bolti yenyewe niliiacha. Nilidhani nati ni pambo tu.

Bibi alipoketi, mguu ulichomoka akaanguka, kahawa ikatawanyika.

“Nimenenepa mno, mjukuu wangu,” alisema akijipangusa. “Benchi halina kosa.”

Nilificha nyuma mkono wenye nati.

Benchi lilifungwa upya, lakini tangu siku hiyo Bibi alichambua kahawa akiwa amesimama. Benchi aliniachia mimi niketi.