Dada yangu alizuiwa mlangoni kwenye mkutano wa maoni Garissa

Wakuu, salaam aleikum. Hii sijaambiwa na mtu. Wallahi nilikuwepo, na sijivunii.

Mimi na Halima ni wa mama mmoja. Ukame ulipomaliza mifugo yetu, niliachwa kwa mjomba hapa Garissa mjini nisome. Halima alikuwa mdogo, mama akaenda naye kambi ya Hagadera. Wakaandikishwa kama wakimbizi ili wapate chakula, ingawa sisi ni Wakenya.

Leo mimi ni mwalimu, nina ID. Halima ana watoto wanne na hana. Kila akiomba, alama zake za vidole zinasoma "mkimbizi".

(Nyie mnaopoteza ID na kuchukua nyingine, hii kitu hamwezi kuielewa.)

Basi wakaja watu wa serikali kukusanya maoni kuhusu sheria ya usajili. Public participation. Halima alifanya mazoezi ya kuzungumza siku tatu nzima, mimi nikimrekebisha Kiswahili.

Mlangoni karani akataka namba ya ID.

"Sina. Hiyo ndiyo nimekuja kusema."

"Mama, bila namba siwezi kukuandika. Na bila kuandikwa huingii."

Nikamwambia, "Ngoja hapa, walaal, dada yangu. Nitakusemea."

Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikaanza kueleza habari za dada yangu. Mwenyekiti akanikata.

"Mwalimu, wewe kitambulisho unacho?"

"Ninacho."

"Basi toa maoni yako, si ya dada yako."

Ukumbi ukacheka. Na mimi, wakuu, nikakaa chini. Mkuu wangu wa shule alikuwa safu ya mbele, nikaogopa uhamisho.

Nilimkuta Halima bado amesimama juani.

"Umewaambia?"

Nikasema ndiyo.

Ripoti imetoka. Inasema wananchi wa Garissa walishirikishwa kikamilifu, na jina langu liko kwenye orodha ya walioshiriki. Halima ameniuliza mara mbili kama maneno yake yamo. Nimemwambia bado haijatoka.

Nilichojifunza: wanaotunyamazisha hawahitaji polisi. Wanahitaji mtu kama mimi, mwenye kitu kidogo cha kupoteza. Ningejibu tu kwamba shida ya dada yangu ni yangu, wangekataaje kuyaandika maoni yangu?

Kama kuna aliyefanikiwa kumfutia ndugu yake rekodi ya kambi, aseme alianzia ofisi gani. Mwenye matusi pia alete, nitasoma yote.

Leo jioni naenda kwa Halima kumwambia ukweli.