Kijani cha Gidioni

Gidioni Nduwayo ana kichwa kigumu, na nasema hivyo kwa sababu nampenda. Kibanda chake cha kutengeneza simu kimepakana na cha kwangu cha kushonea, nyuma ya stendi ya Biharamulo, na kinachotutenganisha ni turubai tu, kwa hiyo mambo yake mengi nayajua bila kuuliza. Mimi ni Ernesta, fundi cherehani. Ananiita dada, ingawa mimi kwetu ni Chato na yeye kwao ni Murukulazo, kule Ngara, mpakani.

Huko mpakani ndiko kulikomfanya awe alivyo. Ukiwa kwao, simu haijui nchi. Mnara wetu umejificha nyuma ya kilima, wa nchi jirani unaonekana wazi ng'ambo ya bonde, na simu inakamata ule wenye nguvu. Vijiti vya mtandao vinajaa hadi juu, mtu anafurahi, anapiga, hapati kitu, maana laini yake ya huku haina ruhusa kule. Mgeni anaweza kusimama shambani asubuhi nzima akiigombeza simu. Wenyeji wanapanda kichuguu. Karibu kila kaya ina kichuguu chake cha kupigia simu, na mtoto aliye mbali hahangaiki kupiga nyumbani, kwa kuwa anajua hatawapata. Anasubiri wao wapande.

Mama yake, Generoza, alikuwa akipanda, anajaribu, anashuka, anasogea kwenye kichuguu kingine kama kuku anayetafuta pa kutagia. Gidioni aliposoma kompyuta kidogo, kitu cha kwanza alichotengeneza kilikuwa programu ya simu kwa ajili ya mama yake. Programu ile iliiuliza simu: umekamata mnara wa nani? Ukiwa wetu, kioo kizima kinakuwa kijani. Ukiwa wa ng'ambo, kinakuwa chekundu. Hakukuwa na maneno, kwa sababu Generoza hajui kusoma. "Mama, ukiona kijani, sema. Ukiona chekundu, tembea." Somo likaisha hapo.

Ikaenea. Wauza ndizi waliitumia, wafugaji waliohamia kutoka Shinyanga waliitumia porini, madereva wa malori pale Lusahunga waliiwekeana kabla ya kuteremka Rusumo. Gidioni akaanza kutembea kifua mbele. Nilimtania kwamba sasa atahamia Dar na kutusahau, akasema, "Dada, nikihama nani atakuletea chai?" Chai yenyewe hajawahi kuniletea.

Kisha simu za toleo jipya zikaanza kukataa. Siyo kwamba hazijui zimekamata mnara gani. Zinajua, ndiyo kazi yake. Ila programu ya mtu kama Gidioni ikiuliza, haijibiwi. Waliotengeneza simu hizo walisema kuna watu waliokuwa wakitumia majina ya minara kufuatilia watu wanakopita na kuuza habari zao, kwa hiyo mlango umefungwa. Nikamwambia hiyo ni haki, hata mimi sitaki mtu ajue ninakopita. Akajibu kwamba anakubali, na kwamba hilo ndilo linalomuuma, kwamba hana hata wa kumkasirikia. Hapo mimi nilikuwa upande wake. Watu wanaokaa huko mbali wanafunga mlango kwa sababu ya wezi, na hawamuulizi aliyekuwa akipita hapo kwenda kwa mama yake.

Aliwaandikia, wakamjibu kwa maneno mazuri yasiyosema kitu. Basi kichwa kigumu kikafanya kazi yake. Simu ilikuwa bado inaiambia programu iko mahali gani, ila mnara ndio haikuutaja. Akaifundisha programu kukumbuka. Pale ambapo simu za zamani zilikuwa zimewahi kuona mnara wetu, ionyeshe kijani. Pale palipokuwa pa ng'ambo, ionyeshe nyekundu. Nilimuuliza: je, minara ikibadilika? Akasema, "Dada, kichuguu hakihami." Nikacheka, nikaendelea kushona.

Krismasi alimpelekea mama yake simu mpya, yenye kioo kikubwa, akamfundisha kutuma ujumbe wa sauti badala ya kupiga: ukiona kijani, bonyeza, sema, achia. Ile ya zamani, iliyokuwa bado inajibu, akaichukua kuifanya vipuri.

Baada ya Pasaka baba yake, mzee Gaspari, aliugua ghafla. Hilo sisi Biharamulo hatukulijua. Gidioni alikuwa akisema tu kwamba wiki hii nyumbani kimya, labda wanavuna maharage.

Halafu mchana mmoja simu yake ikaanza kulia mfululizo. Zilikuwa jumbe za sauti za mama yake, zote zikiingia kwa pamoja. Alifungua ya kwanza palepale huku mteja akisubiri, na turubai halizuii sauti.

"Gidi, baba yako hali chakula. Njoo umwone."

Iliyofuata: "Mwanangu, baba anakuuliza. Nimemwambia umeshapanda gari."

Nikaacha cherehani, nikaenda upande wake. Mteja naye alikuwa ameinamisha kichwa.

"Gidi, mbona hunijibu? Nimekosea nini?"

Katika nyingine hakukuwa na maneno, ni pumzi yake tu na upepo. Kisha: "Baba yako ametuacha. Tunakusubiri wewe utie udongo." Kwa Wahangaza wa kwao mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anayetia udongo wa kwanza kaburini, na ukoo unaweza kumsubiri mpaka maiti ianze kuharibika.

Ya mwisho ilikuwa na sauti kavu. "Tumemzika. Ametia udongo baba yako mdogo. Nimewaambia watu una kazi."

Jumbe zile zilikuwa zimekaa ndani ya simu ya Generoza siku zote hizo, kila moja na alama ndogo ya saa pembeni, kumaanisha haijatoka. Alama hiyo Generoza hakufundishwa. Alifundishwa rangi. Zilitoka siku aliyoshuka barabarani kununua chumvi ya chakula cha msibani, simu ikakutana na mnara wetu.

Nilifunga kibanda, nikaenda naye Murukulazo. Njia nzima alikuwa akiitazama simu yake bila kuifungua. Tulipofika, wanawake wa jirani walianza kilio upya kwa ajili yake, na wanaume waliokaa chini ya migomba hawakusimama kumpokea. Hilo lilinichoma.

Kabla ya kuingia ndani alipanda kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, akiwa na simu yangu, ambayo ni ya toleo la zamani na bado inaijibu programu. Ikawa nyekundu. Akashika ile ya mama yake, aliyoikuta barazani, akiwa amesimama palepale. Ikawa kijani. Mnara wa ng'ambo ulikuwa umeongezewa nguvu, na programu ilikuwa inakumbuka mwaka jana. Alishuka akiwa na uso ambao sitaki kuuona tena.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba." Generoza alikuwa amekaa kwenye mkeka, kitenge begani. Bartholomayo, jirani mwenye pikipiki, alikaa mlangoni.

"Mama, jumbe zako hazikunifikia. Programu yangu ilikudanganya. Haioni tena mnara."

"Kilikuwa kijani," alisema mama. "Nilikiona kwa macho yangu, kila nilipopanda."

"Ndiyo, mama. Hicho kijani ndicho kibovu."

Generoza alitikisa kichwa. "Usiisingizie simu, Gidi. Huyu Bartholomayo alitaka kwenda Ngara mjini akupigie kutoka huko, baba yako akiwa bado anaongea. Nikamzuia. Nilimwambia, kaa, mwanangu ametengeneza kitu, sauti yangu imeshafika." Akauliza polepole, "Au unasema haikufika kwa sababu nilimzuia?"

Bartholomayo akatazama nje. Gidioni akamtazama mama yake, na nikaona jambo hilo linamwingia, kwamba akijitoa yeye kwenye lawama, anayebaki nayo ni huyu mama.

"Sema tu ulikuwa na kazi," alisema Generoza. "Mimi nitakusamehe."

"Nilikuwa na kazi, mama," alisema Gidioni.

Mama akamsamehe palepale, akamshika mkono. Baba mdogo alikuwa amesimama nyuma yetu na amesikia yote. Akamwita nje chini ya migomba, ili ukoo umuulize ni kazi gani hiyo.